Nilimwekea Mungu nadhiri ya mwanangu kabla hajazaliwa, sasa mwenyewe hataki

Mwalimu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala. Nina jambo nimelibeba miaka ishirini na sasa limenielemea.

Nilipoolewa, mimba tatu ziliharibika moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa na miezi sita. Siku moja nikasoma habari za Hana katika 1 Samweli, nikapiga magoti kando ya kitanda nikayasema maneno yale yale aliyoyasema yeye: Bwana, ukinipa mtoto mwanamume, nitakupa wewe huyo mtoto siku zote za maisha yake. Sikumwambia mtu. Mwaka uliofuata nikajifungua salama, mtoto wa kiume. Jina nililompa nadhani unalikisia.

Siku ya kumweka wakfu ndipo nilipolisema mbele ya kanisa zima. Mume wangu alikuwa amesimama ubavuni pangu, naye ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia. Hakusema neno, siku ile wala baadaye. Kanisa lilishangilia. Tangu hapo mtoto amekua akiitwa "mchungaji" na wakubwa kwa wadogo, na mimi nikawa nafurahi.

Sasa ana miaka 19, amemaliza shule, na hataki chuo cha Biblia. Anataka kusomea umeme wa magari. Toka mdogo ni mtu wa kufungua redio na kuzifunga tena, na mara nyingi zilikuwa zinaimba vizuri kuliko mwanzo. Si mtoto mbaya, Mwalimu. Anaomba, na kanisani ndiye alikuwa akipiga gitaa.

Miezi miwili iliyopita alianguka na baiskeli akavunjika mkono. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alikuja kumwona, akaniambia pale pale kando ya kitanda, "Mama, Mungu ameanza kudai chake." Akanikumbusha Yeftha, jinsi alivyomtoa binti yake wa pekee japo moyo ulimuuma, kwa kuwa alikwisha kufungua kinywa chake mbele za Bwana. Mwanangu hakuwa amelala. Yule dada alipoondoka, akaniuliza, "Kwa hiyo mama, mimi ni deni lako?" Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, na hajaja mpaka leo.

Fomu ya chuo ninayo. Nimeijaza yote mwenyewe, imebaki sahihi yake tu. Nimeikunja nikaiweka ndani ya Biblia, pale pale kwenye sura ya Hana. Zimebaki wiki tatu kuirudisha. Mzee mmoja wa kanisa ananiambia nimlazimishe tu, atakuja kunishukuru. Mume wangu anasema maneno mawili: "Mwache mtoto."

Nifanye nini? Nisipomtoa, Mungu atamchukua? Na kama nadhiri inaweza kufunguliwa, inafunguliwaje? Nilikwenda kutafuta faraja katika Mhubiri nikakutana na "Ni afadhali usiweke nadhiri, kuliko kuiweka usiiondoe," nikafunga kitabu.

Mama mwenye deni

JIBU

Marahaba, mama. Amina.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi, mengine yatangoja. Mwanao alivunjika mkono kwa sababu alianguka na baiskeli. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mnara ulipoanguka huko Siloamu ukaua watu 18, aliwauliza waliokuwa wakimsikiliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe: sivyo. Katika habari yote ya Hana hakuna mahali Mungu anapomtishia kwamba atamnyang'anya mtoto asipolipa. Tisho hilo limeletwa na mgeni aliyekuja kumpa pole mgonjwa. Namsamehe, huenda alitaka kukusaidia, lakini usilale nalo.

Sasa nikiri kwangu. Miaka kadhaa nyuma nilihubiri habari za Hana katika mkesha mmoja, nikahubiri kwa nguvu, na mwishoni nikawaita mbele wanawake wenye kutafuta mtoto waje wamwekee Bwana nadhiri. Walikuja wengi. Tulipomaliza, mmoja wao alinifuata mlangoni akaniuliza, "Na mtoto mwenyewe akija kukataa?" Nikamjibu kwa utani, nikasema mtoto wa Mungu hakatai, tukacheka. Yule mama alikuwa ameuliza swali la maana kuliko mahubiri yangu yote ya usiku ule. Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa na sura yake machoni. Kwa hiyo ukinisikia nawasema wahubiri, ujue najisema.

Kosa letu ni kwamba tunahubiri sura ya kwanza ya 1 Samweli kisha tunafunga Biblia. Mwanamke analia, anaomba, anapata mtoto, anamtoa, tunaimba. Lakini kisa hakijaisha hapo, na maneno yanayomhusu mtoto yako mbele.

Tuendelee basi. Hana alikaa na mtoto nyumbani mpaka alipomwachisha kunyonya, ndipo akampeleka Shilo kwa kuhani Eli. Elkana, mumewe, alikuwa anajua, maana tunamsikia akimwambia afanye aonavyo vema, amngoje mtoto mpaka aache kunyonya. Tena hii ilikuwa nyumba ya Walawi. Nasaba ya Samweli imeandikwa kati ya Walawi katika 1 Mambo ya Nyakati 6. Kutumika hemani ilikuwa kazi ya ukoo. Kilichoongezwa na Hana ni muda: Mlawi wa kawaida alianza utumishi akiwa na miaka 25 na kuuacha akifikisha 50, lakini Hana alisema siku zote za maisha yake. Hakumtoa mtoto kwenye fani yake akamwingiza kwenye nyingine.

Sura ya pili ina mstari ninaoupenda kuliko wimbo wenyewe wa Hana. Kila mwaka, walipopanda kwenda kutoa dhabihu, Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo akampelekea. Mama yeyote aliyewahi kumshonea mtoto wa mbali anaelewa kazi hiyo. Kipimo cha mwaka jana hakifai. Unakisia mabega yameongezeka kiasi gani, unaacha upindo mpana chini kwa tahadhari, halafu unafika unakuta mikono imerefuka kuliko ulivyodhani, na nguo uliyoishona kwa machozi inaishia juu ya kifundo. Hana alikuwa amemtoa mtoto, lakini kila mwaka alilazimika kumtazama upya jinsi alivyo. Wewe, mama, na unisamehe kwa kulisema hivi, umemvalisha kijana wa miaka 19 kanzu uliyoipima kabla hajazaliwa.

Ubavuni mwa kanzu hiyo mwandishi ameweka picha nyingine, na sidhani ni kwa bahati. Wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa makuhani kwa kuzaliwa. Hakuna aliyewauliza kama wanataka. Biblia inasema hawakumjua BWANA. Mtumishi wao alikuwa akija na uma wa meno matatu mkononi wakati nyama ya dhabihu inachemka, anauchoma chunguni, na kila kinachonaswa na uma kuhani anakichukua kiwe chake. Akikataliwa, anasema atachukua kwa nguvu. Mzee wako wa kanisa anayesema umlazimishe tu, mwombe aitafakari picha hiyo ya uma. Kumwingiza mtu madhabahuni bila moyo wake ni rahisi, na madhara yake wanayala washirika.

Halafu inakuja sura ya tatu. Samweli amekwisha kutolewa. Anaishi hemani, analala hekaluni, milango ya nyumba ya BWANA ndiye anayeifungua asubuhi. Nadhiri ya mama yake imetimizwa yote. Na mstari wa 7 unasema Samweli "alikuwa hajamjua BWANA bado." Nimekaa na mstari huo wiki nzima kwa ajili yako. Mtoto yumo ndani ya nadhiri mpaka shingoni na bado hajamjua aliyewekewa nadhiri. Kilichombadilisha ni Mungu mwenyewe kumwita usiku kwa jina lake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara mtoto akikimbilia kwa Eli akidhani ni mzee anayeita, na mara ya nne akajibu, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Jibu hilo Hana hakumtolea. Hakuwepo hata. Yeye alimfikisha mtoto mahali panapoweza kusikika sauti, basi, na sauti haikuwa yake.

Na hata baada ya wito, mambo hayakwenda kama mama alivyoyapanga. Hana alisema mtoto atakaa Shilo daima. Ukifika sura ya 7 unamkuta Samweli ni mwamuzi anayezunguka Betheli, Gilgali na Mispa mwaka hadi mwaka, na nyumba yake iko Rama. Rama ndiko kwa Elkana na Hana! Mtoto aliyetolewa asirudi alirudi kukaa katika mji ule ule alikozaliwa, na madhabahu akaijenga huko huko. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya hilo. Wala sijasikia mengi juu ya wanawe Samweli, Yoeli na Abiya, ambao baba yao aliwafanya waamuzi, wakapokea rushwa. Nabii mkubwa kama yule naye aliwapangia watoto kazi ya Mungu na haikukaa.

Sasa Yeftha. Hapa nitakaa kidogo, maana hicho ndicho kisa kilichoingia masikioni mwa mwanao akiwa na mkono kwenye bandeji.

Watu humsifu Yeftha kwa kutimiza neno lake, na ni kweli Waebrania 11 inamtaja kati ya watu wa imani. Lakini kisome kisa chake polepole, Waamuzi 11. Huyu ni mtu aliyefukuzwa nyumbani na ndugu zake kwa sababu ya mama aliyemzaa. Wazee wa Gileadi wanapomrudia wakiwa na shida, kwanza anapatana nao: nikishinda, nitakuwa kichwa chenu? Kisha anatuma wajumbe kujadiliana na mfalme wa Amoni. Kisha, roho ya BWANA ikiwa imekwisha kumjia katika mstari wa 29, mstari wa 30 anageuka kupatana na Mungu pia, kana kwamba alichopewa bado hakijatosha: akishinda, chochote kitakachotoka mlangoni mwa nyumba yake kumlaki atakitoa sadaka. Mtu aliyeishi maisha yote akinunua nafasi yake hajui kupokea kitu bure. Simlaumu sana. Wengi wetu tuliweka nadhiri zetu katika hali hiyo hiyo, na sidhani uchungu wako wa mimba tatu ulikuwa mdogo kuliko wake.

Binti anatoka na matari na kucheza kumlaki. Neno la kwanza la baba ni kumlaumu: binti yangu, umenishusha, wewe ni mmoja wa wanaonisumbua. Kinywa kilifunguliwa na baba, na mtoto ndiye anayeambiwa amesumbua. Ukitaka kujua swali la mwanao, "mimi ni deni lako?", limetoka wapi, limetoka hapo.

Binti akaomba miezi miwili akalie milimani na wenzake. Miezi miwili, mama. Katika muda wote huo hatusomi kwamba Yeftha alimwendea kuhani, wala kwamba mzee mmoja kati ya wale wa Gileadi alisimama kumwambia kitu. Na Mungu katika jambo hilo hasemi neno lolote, hasemi "vema" wala hasemi "toa." Wafasiri wamebishana kwa karne nyingi kama binti aliuawa au alibaki bila kuolewa maisha yake yote. Kwa vyovyote mwandishi wa Waamuzi hatuandikii kiwe kielelezo. Kitabu chake kinaishia na maneno kwamba kila mtu alifanya yaliyokuwa mema machoni pake mwenyewe, na kisa hiki ni kimojawapo cha mambo hayo. Biblia inasimulia mengi ambayo haiyaagizi. Samsoni alikuwa mnadhiri toka tumboni, tena kwa neno la malaika na si kwa nadhiri ya mama, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe aishi kama Samsoni.

Kama kikundi chenu kinataka kisa cha kiapo cha mzazi na mtoto wake, kiko kingine katika kitabu hicho hicho ulichoweka fomu, sura ya 14. Sauli aliwaapisha askari kwamba amelaaniwa atakayekula chochote kabla ya jioni. Yonathani, mwanawe, hakusikia. Akachovya ncha ya fimbo yake katika sega la asali, akaonja, macho yake yakatiwa nuru. Jambo lilipojulikana, Sauli akaapa tena juu ya kile kiapo cha kwanza kwamba Yonathani atakufa. Watu wakakataa. Wakasema hata unywele mmoja wa kichwa chake hautaanguka, wakamwokoa. Na Mungu hakuwapiga watu wale kwa kumvunjia mfalme kiapo. Yeftha alikuwa na miezi miwili na hakupata mtu wa kumzuia. Sauli alizuiwa siku ile ile. Mumeo, kwa yale maneno yake mawili, amesimama na wale watu wa Yonathani.

Umeuliza kama nadhiri inafunguliwa. Sheria yenyewe ya Musa, ambayo wengi wanadhani ni ukuta mtupu, ilikuwa na milango. Walawi 27 inazungumza kabisa juu ya mtu aliyeweka nadhiri ya mtu mwingine, na inampa njia ya kumkomboa kwa kuhesabiwa: mwanamume wa miaka 5 hadi 20 shekeli 20, wa miaka 20 hadi 60 shekeli 50, na aliye maskini asiyeweza, kuhani amkadirie kwa kadiri ya uwezo wake. Walawi 5 inamzungumzia aliyeapa kwa midomo bila kufikiri. Akitambua, aungame na kuleta sadaka yake. Hesabu 30 inampa mume nafasi ya kuitangua nadhiri ya mkewe siku anapoisikia, na watakaokuambia mumeo alinyamaza kwa hiyo imethibitika, waache. Mtu aliyeshtukizwa mbele ya kanisa zima linaloshangilia hakupewa nafasi ya kusema. Sikupi sura hizo uzifuate kama ankara. Akitokea mtu wa kukutajia kiasi cha kulipa ili "ufunguliwe," aga uondoke. Nakutajia ujue kwamba Mungu aliyetoa sheria hiyo alikwisha kujua watu wangesema mambo wakiwa na uchungu, na alijua nadhiri ya mmoja huangukia vichwa vya wengine nyumbani.

Kuna atakayekujibu kwa Zaburi 15, kwamba mtu wa Mungu ajapoapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake. Ni kweli, na mstari huo siutaki upunguzwe. Ila usome neno kwa neno: kwa hasara yake. Yake mwenyewe. Ungeahidi muda wako, fedha zako, usingizi wako, ningekuambia lipa hata ikiuma. Lakini hiyo hasara unayotaka kuilipa sasa ni ya mtu mwingine. Yesu katika Marko 7 aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni korbani, imetolewa kwa Mungu, kisha wanawaacha baba na mama bila msaada. Kitu kutamkwa kuwa ni cha Mungu hakikufuta wajibu kwa watu wa nyumbani.

Basi ulichoahidi ni nini, na umekilipa? Ulisema, "nitakupa." Mtu hutoa kilicho mkononi mwake. Hana alikuwa na mtoto aliyetoka kunyonya, na mtoto wa umri ule mzazi ndiye anayeamua aishi wapi na alelewe na nani. Akatoa malezi yake. Na wewe umetoa malezi: amekulia kanisani, anajua kuomba, gitaa lake limewaongoza watu kuabudu. Kwa jinsi ninavyoisoma Biblia, sehemu iliyokuwa yako umeilipa. Iliyobaki ni ya Mungu na ya kijana, na wewe humo huna mamlaka, kama Hana hakuwa nayo usiku ule wa Shilo. Wapo watumishi wenzangu watakaosema nimelegeza. Nimewasikia na bado nasema hivyo.

Zungumza na mwanao. Mpate mkiwa wawili, si mbele ya wageni, na usianze na Biblia. Mwambie habari za zile mimba tatu, maana nadhani hajawahi kuambiwa sawasawa. Mwambie uliahidi kwa uchungu na ahadi ilikuwa yako, na kwamba ulikosea kuigeuza kuwa jina lake la kuitwa na kila mtu. Hana alipomwita mwanawe Samweli alitoa na sababu: kwa kuwa nimemwomba kwa BWANA. Mwanao anadhani jina lake maana yake ni anayedaiwa. Mwambie ni aliyeombwa. Kisha unyamaze umsikilize, hata akisema yanayokuchoma. Juu ya kurudi kanisani usimwombe siku hiyo. Na kama moyoni una mpango wa kusema haya yote ili alainike akubali chuo, subiri kwanza mpaka mpango huo ukutoke, maana atauona kabla hujafika katikati.

Mumeo naye mwombe radhi, kwa ajili ya siku ile kanisani. Mtu aliyekaa kimya miaka kumi na tisa kisha akasema "mwache mtoto" amesema hotuba ndefu.

Kama dhamiri bado inakuuma, nenda kwa mchungaji wako na mumeo, ungama kama Walawi 5 inavyosema, muombe pamoja, na mchungaji akasikie kwamba kijana asiitwe tena "mchungaji" hadharani. Kama unatamani kumpa Mungu kitu, toa kilicho chako. Kwenye kikundi chenu bila shaka yupo mwanamke ambaye sasa hivi yuko pale ulipokuwa wewe, amepoteza mimba na hajui aseme nini. Wewe unaijua njia hiyo kuliko mimi. Kaa naye, na asianze kuahidi ahadi.

Huenda Mungu akamwita mwanao akiwa na miaka 40, akiwa na mafuta ya gari mikononi. Huenda asimwite kamwe kwenye mimbari, akawa fundi mwaminifu anayempenda Bwana. Amosi alisema waziwazi kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii, alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, na Bwana alimtwaa huko huko nyuma ya kondoo. Usiketi ukingoja hilo kama mtu anayengoja basi.

Na ile fomu. Fomu za vyuo hivi kwa kawaida humtaka mwombaji aeleze kwa maneno yake jinsi alivyoitwa. Umesema umeijaza yote. Sijui hapo uliandika nini, lakini uliandika wito wako. Itoe kwenye Biblia, usiichane wala usiipeleke. Mpe mwenyewe, mwambie ni yake. Akiitupa, imetupwa. Akiiweka kwenye droo, usimuulize imefikia wapi.